Chawa ni nani hasa, na kwa nini sio kila msemaji ni chawa

Siku hizi Bongo ukimsifia mtu mwenye jina tu unaambiwa we chawa, mpaka dada wa watu aliyesomea uhusiano wa umma na ana mkataba wake nae anaitwa hivo hivo, na hii kwa kweli inaniuma.

Chawa wa kichwani mnamjua, anaishi kwa kunyonya damu. Mtaani jina likahamia kwa mtu anayejishikiza kwa staa, tajiri au mwanasiasa, anamtangaza kutwa nzima na riziki yake inatoka humo humo. Shughuli yenyewe ndo uchawa, wakiwa wengi utasikia machawa.

Mwangalie akiwa kazini: bosi kaposti picha, dakika haijaisha keshakomenti, bosi akishuka kwenye gari yeye yuko mbele na simu anarekodi, usiku anaingia laivu kusimulia bosi kanunua nini, na ukikosoa anakuandama kwenye komenti mpaka unyamaze. Malipo hayana risiti, leo bando na nauli, kesho safari ya Dubai, keshokutwa hakuna kitu.

Zamani tulisema mpambe, wagombea walikuwa na wapambe wao, ila neno hilo bado lina heshima maana hata yule ofisa wa jeshi anayesimama nyuma ya Rais anaitwa mpambe. Chawa lilianza kama tusi kabisa, sasa wapo wanaolibeba kifua mbele, msanii Baba Levo amejiita chawa wa mwanamuziki Diamond hadharani, na kuna kundi linajiita Chawa wa Mama, Mama mwenyewe ni Rais Samia.

Msemaji sasa ni mwajiriwa, anatoa taarifa kwa umma yenye nembo na saini, na habari ikiwa mbaya ndo anatafutwa zaidi. Simba walivyopigwa 5–1 na Yanga Novemba 2023 watu walitaka kusikia klabu inasemaje, siku kama hiyo chawa anaweza akazima data akalala, msemaji hawezi. Na msemaji anahama kama mchezaji, Haji Manara alitoka Simba 2021 akaenda Yanga, matusi aliyapata ila kazi ni ile ile.

Kumwambia mshkaji "acha uchawa" akimsifia demu wake ni utani tu, hakuna shida. Ila kumwita hivo ofisa habari mbele ya watu ni kumwambia hana kazi, anakula kwa kusifia, na wengi hawakusamehi.