Kufikiri kwa makundi si kutenga vifungo

Kwenye mafunzo ya walimu wa awali na makala za malezi kuna kauli inayorudiwa mno: eti mtoto wa miaka minne hafikiri kwa makundi, anatazama sura tu. Ushahidi? Mpe vifungo na vizibo vya soda avitenge, atavitenga kwa rangi.

Kufikiri kwa makundi ni kujua jambo kuhusu kitu kimoja, ukaamini kwamba vya aina yake navyo viko hivyo, hata vile usivyowahi kuviona. Kutenga vifungo ni kazi nyingine kabisa. Anayetenga anajibu kipi kikae na kipi, na hapo rangi ni jibu halali, hata kwa mtu mzima. Anayekisia anajibu kuhusu yasiyoonekana: ndani mna nini, kinakula nini, kinapumuaje. Mtoto anaweza kutenga kwa rangi asubuhi na kukisia kwa kundi mchana, na asijipinge hata kidogo.

Mwaka 1986, Susan Gelman na Ellen Markman wa Marekani walichapisha utafiti juu ya watoto wa umri huohuo. Mtoto anaonyeshwa picha ya samaki, anaambiwa huyu hupumua akiwa majini. Anaonyeshwa pomboo, anaambiwa huyu huibuka juu apumue. Kisha analetewa papa: umbo ni la pomboo, ila anatajiwa kwamba ni samaki. Je, anapumuaje? Katika picha za namna hiyo, majibu mengi yalifuata kundi, sura ikaachwa. Lakini walipoulizwa kuhusu uzito, walirudi kwenye sura. Mtoto asiyejua ila sura angetofautishaje maswali hayo?

Wapo wanaopinga, na hoja yao ina uzito. Watafiti Vladimir Sloutsky na Anna Fisher wanaona kwamba kwa mtoto jina lenyewe ni sehemu ya kufanana: vyenye jina moja anaviona vinafanana zaidi. Mwaka 2004 walionyesha kuwa baada ya zoezi la kukisia, watoto wa miaka mitano walizikumbuka picha za paka walizoziona vizuri kuliko watu wazima, ambao waliishia kwenye "huyu ni paka" wakapita; kwao hiyo ni ishara kwamba watoto walikisia kwa kutazama sura, si kundi. Hata hivyo, ubishi huo unahusu namna mtoto anavyokisia. Vifungo havimo.

Kwa hiyo, mwalimu, vifungo vikitengwa kwa rangi, andika tu kwamba mtoto ametenga kwa rangi. Ukitaka kujua anavyokisia, mwambie jambo geni lililomo mwilini mwa kuku, kisha muulize: mbuni je? Na popo?