Una kibubu na una deni la kausha damu, uanze na kipi?

Mwakeye ndugu zangu wa Kigoma. Mimi ni ofisa mikopo kwenye SACCOS moja, chama cha kuweka na kukopa, hapa mjini na kuna swali naulizwa karibu kila siku, dirishani, kwenye daladala, hata msibani mtu anakuvuta pembeni: nina hela kidogo nimeiweka na nina deni, nilipe deni au hela niiache ikae? Leo nalijibu kwa urefu kidogo maana yale majibu ya harakaharaka nimeona yanawaumiza watu.

Nianze na mama mmoja anauza dagaa pale Kibirizi. Alikuja na daftari dogo amelifunga kwenye pindo la kitenge, limelowalowa na linanuka dagaa, ndani hamna kitu zaidi ya tarehe na tiki. Alikopa 300,000 kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wenye riba ya kuumiza, asilimia 20 kwa mwezi, kila mwezi anapeleka 60,000 afu wanamwambia hii ni riba, hela yetu bado iko palepale. Miezi minne hivo hivo, ameshapeleka 240,000 na deni bado ni 300,000 ileile. Na chini ya kitanda ana kibubu, ndani kina 340,000 anakusanya za bati. Nikamuuliza, mama, mbona hawa watu hujawalipa? Akanijibu, "Mwanangu, nikivunja kibubu nabaki na nini? Ziwa likifungwa nikalie wapi?"

Hilo ni swali la mtu mwenye akili zake na asitokee wa kumcheka. Dagaa wanavuliwa gizani, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika na hela nayo inapumzika, na mwaka 2024 uvuvi ziwa Tanganyika ulisimamishwa miezi mitatu mizima, 15 Mei mpaka 15 Agosti, nakumbuka wale waliokuja hapa dirishani wiki za mwanzo tu, walikuwa hawana hata pa kuanzia. Kwahiyo woga wake una sababu. Ila kibubu hakizai. 340,000 ikikaa chini ya kitanda mwaka mzima inatoka 340,000, na ile 300,000 ya wale watu inamtoa 60,000 kila mwezi, piga mara 12 ni 720,000. Hata angeipeleka benki kwenye akaunti ya akiba inayotoa tuseme asilimia 3 kwa mwaka angepata 10,200. Inaingia 10,200, inatoka 720,000, kwa mtu yuleyule, mwaka uleule.

Hapa ndo wengi wanapopotelea, akiba inatajwa kwa mwaka na deni linatajwa kwa mwezi, sasa mtu anaziangalia hizo asilimia anaona kama zinafanana fanana. Badilisha kwanza zote ziwe za mwaka ndo ulinganishe. Hata wakopeshaji wenye leseni, wale wa daraja la pili wasiopokea amana, Benki Kuu iliwawekea ukomo wa riba asilimia 3.5 kwa mwezi, inasikika ndogo lakini kwa mwaka ni 42, na hakuna akaunti ya akiba itakayokupa 42. Wenzetu Marekani nao wanaulizana hilihili kuhusu kadi za mkopo, kule riba ya kadi kupita asilimia 20 ni jambo la kawaida na watu wanalia kweli, ila hiyo 20 yao ni ya mwaka. Mama yetu wa Kibirizi anailipa kwa mwezi mmoja.

Uliza pia riba inahesabiwaje, hili naomba mlishike vizuri. Ukikopa milioni moja miezi 12 kwa asilimia 3 kwa mwezi, kama riba inapigwa kwenye ile milioni yote mpaka mwisho utalipa riba 360,000, lakini kama inapigwa kwenye salio linalopungua kila unaporejesha inakuwa kama 205,500 tu. Asilimia ni ileile 3! Tofauti ni zaidi ya laki na nusu, na mtu anasaini bila kuuliza kwa sababu anaona aibu au ana haraka.

Sasa turudi kwenye kibubu. Sikumwambia alipe yote. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma niliwahi kulipa deni mpaka shilingi ya mwisho, nikatembea kifua mbele, wiki haijaisha mtoto akashikwa malaria usiku na sina hata elfu tano ndani, nikarudi kukopa kulekule nilikotoka na kwa masharti mabaya zaidi. Tangu siku hiyo simshauri mtu abaki mikono mitupu. Tukapiga hesabu na yule mama, chakula, dawa, nauli, vya kumvusha kipindi kimoja cha mbalamwezi bila kumpigia mtu magoti, ikaja kama laki moja. Basi laki ibaki, 240,000 ikalipe deni. Linabaki deni la 60,000, riba yake inashuka kutoka 60,000 mpaka 12,000, mwezi unaofuata anapeleka 72,000 na kamaliza, yani ameongeza 12,000 tu juu ya ile aliyokuwa anaipeleka bure kila mwezi.

Nikamsisitiza, usiitoe hiyo hela kabla hawajakubali kwamba inapunguza deni lenyewe, na waandike salio jipya kwenye karatasi mbele yako, wapo wanaopokea afu wanasema ilikuwa riba na faini. Nenda na mtu. Na ukimaliza dai vitu vyako, kadi ya benki au kitambulisho walichokishikilia usikiache hata siku moja.

Ila siyo kila deni ni la kukimbizana nalo. Mkopo wa SACCOS wa asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua unaweza kuulipa taratibu kwa ratiba yake huku unaweka akiba pembeni, hapo sioni ubaya kabisa. Lakini muelewe akiba yako ya SACCOS ndiyo dhamana ya mkopo wako, ukiwa na deni huwezi kuja asubuhi kuichukua eti mtoto anaumwa, nimeshawaona wanachama wakilia hapa mbele yangu kwa kutolijua hilo. Ya dharura ikae sehemu nyingine, benki kwa mfano, Bodi ya Bima ya Amana inalinda mpaka milioni 7.5 kwa mteja benki ikifa, na iwe akaunti ambayo hununulii vocha wala mkaa.

Na hii ya kukopa kwenye simu kulipa deni jingine la simu, acheni jamani. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na aplikesheni 69 za mikopo zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni, zile zinazotuma meseji kwa shemeji yako na kwa mwalimu wa mtoto wako kukuaibisha. Kabla hujabonyeza kubali angalia kwanza kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu, na kama unazo tatu nne zinakudai anza na yenye riba kubwa kuliko zote, nyingine zilipe kiwango cha kawaida tu mpaka hiyo ife.

Yule mama alirudi baada ya wiki kama sita. Hakukaa hata kwenye kiti, alifungua kitenge akanionesha kadi yake ya mpiga kura, imerudi, na daftari lilelile, ukurasa mpya, juu ameandika BATI na chini yake 15,000.