Viza ya Canada: tunayoambiana na yaliyo kwenye sheria

Mwaka jana binamu yangu wa Morogoro alinitumia picha ya barua kwa WhatsApp. Juu ilikuwa na jani jekundu la bendera ya Canada, chini muhuri wa bluu, katikati mshahara wa kufungasha matunda shambani. Aya ya mwisho ilimtaka atume dola 2,500 za Kimarekani "za kufungua faili". Nusu alikuwa ameshaituma, baada ya kuuza pikipiki. Hilo shamba halikuwahi kumsikia.

Binamu yangu ni fundi umeme, ana cheti chake na si mtu wa kudanganywa ovyo. Kilichomponza ni kwamba kila alichoambiwa kilikuwa na chembe ya ukweli ndani yake. Tangu siku ile nimekuwa nikizichambua habari hizi moja moja na kila ndugu anayenipigia simu, na sasa naona afadhali niziandike.

"Ingia kwanza na viza ya matembezi, kazi utabadilishia hukohuko"

Hii ilikuwa kweli kwa muda, ndiyo maana inakufa kwa taabu. Wakati wa korona, Agosti 2020, serikali ya Canada iliruhusu wageni waliokuwa ndani ya nchi waombe kibali cha kazi bila kutoka. Wengi waliofanikiwa kwa njia hiyo walirudi kutusimulia. Ruhusa hiyo ilifutwa tarehe 28 Agosti 2024. Anayekushauri leo uende hivyo anakuuzia mlango uliokwisha kufungwa. Mgeni kwa kawaida huruhusiwa kukaa hadi miezi sita, na haruhusiwi kuingia kwenye soko la ajira.

Barua ya mwaliko nayo tunaipa uzito kuliko ilio nao. Inaeleza utafikia kwa nani na nani atakulisha, basi. Afisa anataka kuridhika kwamba muda ukiisha utaondoka: ajira yako, familia yako, shamba au biashara unayoiacha, safari ulizowahi kufanya na ukarudi. Akikataa, zile dola 100 za Canada za ombi na 85 za alama za vidole hazirudi.

Kisha kuna ushauri wa kunong'onezana: "ukikwama, jilipue," yaani omba hifadhi ya ukimbizi. Hifadhi ya ukimbizi ni haki ya mtu anayekimbia mateso, na wapo ndugu zetu wa Kongo na Burundi ambao hifadhi hiyo imewaokoa maisha. Lakini kubuni kisa, au kujitwalia uraia wa jirani, ni jambo jingine kabisa. Hadhi iliyopatikana kwa uongo inaweza kufutwa hata baada ya miaka mingi, wakati umeshazaa na kujenga.

"Kazi ya Canada inanunuliwa"

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotelea, kwa hiyo nitakawia kidogo.

Mwajiri wa Canada anayetaka mtu kutoka nje mara nyingi hutakiwa kwanza kuithibitishia serikali kwamba hakupata mtu wa ndani. Uthibitisho huo ndio watu wanaouita LMIA. Ada yake kwa kawaida ni dola 1,000 za Canada kwa kila nafasi, anailipa mwajiri, na sheria inamkataza kumdai mfanyakazi pesa hiyo kwa njia yoyote. Hata uthibitisho ukishatoka, wewe bado unaomba kibali chako mwenyewe na kulipia dola 155, mtandaoni, kwenye akaunti yako katika tovuti ya serikali. Hakuna ada ya serikali ya Canada inayotumwa kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Ile barua ya Morogoro ilianguka kwenye mtihani huu kabla hata hujafika kwenye muhuri.

Biashara ya kuuza barua hizi ilikuwa kubwa kiasi kwamba tarehe 25 Machi 2025 serikali iliondoa kabisa alama za ziada ambazo ofa ya kazi ilikuwa ikimpa mwombaji wa ukaazi wa kudumu. Zamani zilikuwa 50, na kwa nafasi za juu 200. Ajenti anayekwambia leo kwamba "ofa itakupandisha alama" amepitwa na wakati au anakuibia.

"Ajenti wetu ana mtu wake ndani"

Hana. Vituo vya Nairobi na Dar es Salaam vinavyochukua alama za vidole na pasipoti ni vya kampuni ya kandarasi. Havina mamlaka ya kukubali wala kukataa. Na anayelipwa kukuwakilisha kwenye ombi lako lazima awe mwanasheria mwenye leseni ya Canada, mthibitishaji wa hati wa jimbo la Quebec, au mshauri aliyesajiliwa na bodi ya kitaaluma inayosimamia washauri wa uhamiaji, ambayo orodha yake ya majina iko wazi mtandaoni. Mwombe namba yake ya usajili. Akikasirika, umeshapata jibu.

Jambo linaloniuma zaidi ni fomu. Kuna swali linalouliza kama umewahi kunyimwa viza ya nchi yoyote. Dada mmoja ninayemfahamu aliwahi kunyimwa ya Uingereza. Ajenti, bila kumuuliza, akajaza "Hapana" ili faili lionekane safi. Kunyimwa viza si dhambi, na peke yake hakukufungii njia. Kuficha ndiko kunakofunga: adhabu ya kutoa taarifa za uongo ni kuzuiwa miaka mitano, na anayehukumiwa ni mwenye ombi, si aliyejaza. Soma kila ukurasa kabla ya kutumwa, hata kama umemlipa mtu.

"Express Entry ni kama bahati nasibu"

Express Entry ni mfumo wa Canada wa kuchagua wafanyakazi wenye ujuzi kwa ukaazi wa kudumu, na watu wanauchanganya na bahati nasibu ya green card ya Marekani. Huku hakuna droo ya majina, kuna hesabu. Mfumo ulianza Januari 2015, na kufungua wasifu ni bure. Kwa anayeomba akiwa nje kupitia njia ya wafanyakazi wenye ujuzi, kwanza unatakiwa kufikisha alama 67 kati ya 100 za umri, elimu, lugha, uzoefu na mengineyo. Ukivuka hapo, unapangwa na wenzako kwa alama nyingine ambazo ukomo wake ni 1,200, na walio juu wanaalikwa kuomba. Ukialikwa una siku 60 za kukamilisha nyaraka zote.

Lugha ndiyo yenye mvuto mkubwa, na ndiyo tunayoidharau. "Nimesoma chuo kikuu kwa Kiingereza, mtihani wa nini?" Mtihani ni lazima. Na kama ni ule mtihani wa Kiingereza wa IELTS, iwe ile ya General Training; nimeona watu wakilipia ya Academic, ambayo kwa njia hii haipokelewi. Kiwango cha chini ni 6.0 kwa kila sehemu, lakini anayeishia hapo anabaki mbali na mwaliko. Kufikisha 8.0 kusikiliza na 7.0 kusoma, kuandika na kuzungumza kunabadilisha hesabu nzima.

Uzoefu nao una mtego wake. Kazi ya umeme ya binamu yangu inahesabika, kinyume na wanaodhani Canada inataka madaktari na wahandisi tu. Ila barua zetu za kazi, zile za mistari mitatu zinazosema "alikuwa mwaminifu na mchapakazi", hazitoshi. Barua itaje cheo, tarehe, saa za kazi kwa wiki, mshahara, na majukumu aliyofanya hasa. Fundi aliyejiajiri atahitaji mikataba, risiti na ushahidi wa malipo. Kuanza kuvikusanya leo ni kazi ya maana kuliko kutafuta koneksheni.

Pesa za kujikimu zinazotakiwa, zaidi ya dola 15,000 za Canada kwa mtu mmoja, ziwe zako kweli. Za kuazima ili benki itoe taarifa nzuri hazikubaliki, na afisa anaangalia mwenendo wa akaunti kwa miezi sita.

Umri? Alama zinaanza kupungua ukifika miaka 30 na zinakwisha ukifika 45, lakini hakuna anayekatazwa kuomba kwa sababu ya umri. Jimbo la Canada likikuteua unaongezewa alama 600.

Kuhusu masomo nitasema machache. Kukubaliwa na chuo si sawa na kupata kibali, na tangu Septemba 2025 mwanafunzi mmoja anatakiwa kuonyesha dola 22,895 mbali na ada. Saa za kazi nje ya chuo ni 24 kwa wiki wakati wa masomo. Haziwezi kulipa ada. Na si kila chuo kinakupa kibali cha kazi ukimaliza, kwa hiyo uliza hilo kabla ya kulipa hata senti.

Ukaazi wa kudumu pia si uraia. Uraia unaombwa baada ya kukaa siku 1,095 ndani ya miaka mitano. Mkenya anaweza kubaki na wa kwao, kwa Katiba ya 2010. Mtanzania akiuchukua kwa hiari, wa Tanzania unaondoka.

"Bila Kiingereza, Canada si yako"

Hili namwandikia msomaji wa Bukavu, Lubumbashi na Bujumbura. Tarehe 28 Februari 2024 ulifanyika mwaliko wa Express Entry wa watu wote, na wa mwisho kuingia alikuwa na alama 534. Kesho yake ukaja wa wanaojua Kifaransa, na wa mwisho alikuwa na 336. Wala si Quebec, ambayo ina mfumo wake wa kuchagua; hawa ni wa majimbo mengine. Kinachotakiwa ni kiwango cha 7 kwa kila moja ya sehemu nne za mtihani wa Kifaransa wa TEF Canada au TCF Canada. Kifaransa ulichofundishwa tangu shule ya msingi, ukakiona cha kawaida tu, kitazame upya kabla hujauza chochote.