Ndoto ya Marekani: maana ya kupanda tabaka

Kwetu watu wakisema "Ndoto ya Marekani", wengi hufikiria viza. Wengine hufikiria gari, nyumba yenye bustani na picha za theluji anazotuma binamu. Maana yenyewe ni nzito zaidi ya hapo. Ndoto ya Marekani ni ahadi kuhusu tabaka: kwamba hali aliyozaliwa nayo mtu haitaamua mwisho wake, na kwamba mtoto wa mfagizi akijitahidi anaweza kukaa meza moja na mtoto wa mwenye kiwanda.

Aliyeyaeneza maneno hayo ni mwanahistoria James Truslow Adams, katika kitabu chake The Epic of America cha mwaka 1931. Soko la hisa lilikuwa limeanguka 1929, mabenki yalikuwa yanafungwa, na wanaume wenye ujuzi walikuwa wanapanga foleni ya supu. Ni katika dhiki hiyo Adams alipoandika kwamba haongelei magari na mishahara mikubwa tu. Aliongelea jamii ambayo kila mwanamume na kila mwanamke anafikia kimo ambacho uwezo wake unamruhusu, bila kujali amezaliwa na nani.

Tabaka ni nini, basi? Si mshahara peke yake. Ni mshahara, ndiyo, lakini pia ni kazi unayofanya, elimu uliyonayo, mali uliyoshika, watu unaoweza kuwapigia simu ukikwama, na kile utakachomwachia mwanao. Hapa Kiswahili cha mtaani kinatusaidia. Tunasema fulani "ametoboa", yaani yeye mwenyewe ametoka kwenye shida. Kupanda tabaka ni jambo jingine: ni kutoboa kisha ukabaki huko, na watoto wako wakaanzia pale ulipoishia. Wapo wengi waliotoboa ambao ugonjwa mmoja au kuachishwa kazi mara moja kumewarudisha walikotoka.

Wataalamu hupima kupanda huku kwa namna mbili, na kuzichanganya ndiko kunakoleta ubishi usiokwisha. Fikiria foleni. Foleni nzima ikisogea mbele, wa mwisho naye husogea, ila bado ni wa mwisho. Hiyo ndiyo namna ya kwanza: kuuliza kama mtoto anapata zaidi ya walichopata wazazi wake. Namna ya pili ni kuuliza kama mtu amebadilisha nafasi yake ndani ya foleni.

Kwa kipimo cha kwanza, Marekani iliwahi kutimiza ahadi yake kwa kiwango cha kushangaza. Mchumi Raj Chetty na wenzake wamekokotoa kwamba kati ya Wamarekani waliozaliwa 1940, takribani 90 katika kila 100 walikuja kupata kipato kikubwa kuliko wazazi wao. Kwa waliozaliwa katika miaka ya 1980, idadi hiyo imeshuka hadi karibu 50. Yaani leo ni sawa na kurusha sarafu. Kwa kipimo cha pili, mtoto aliyezaliwa katika familia zilizo kwenye moja ya tano ya chini kwa kipato ana nafasi ya asilimia 7.5 hivi ya kufika moja ya tano ya juu. Denmark, nchi ambayo hakuna anayeiimbia ndoto, nafasi hiyo ni asilimia 11.7.

Wanaoitetea ndoto hupenda kumtaja Andrew Carnegie. Alifika kutoka Uskoti mwaka 1848 akiwa na miaka 12 au 13, akaanza kazi katika kiwanda cha nguo kwa dola 1.20 kwa wiki, na mwaka 1901 akauza kampuni yake ya chuma kwa dola milioni 480. Ni kweli tupu. Lakini mtu mmoja aliyefika kileleni hatuelezi ngazi iliwekwa na nani, na mimi naona hapo ndipo penye kiini cha dhana hii. Ngazi iliwekwa na sheria, na sheria hiyohiyo iliamua nani aguse kipandio cha kwanza.

Mwaka 1862 serikali ilipitisha sheria ya kugawa ekari 160 kwa familia iliyokuwa tayari kwenda kulima magharibi. Ardhi yenyewe ilikuwa imechukuliwa kwa wenyeji wa asili. Mwaka 1944 ikaja sheria ya kuwasaidia askari waliorudi vitani: ada ya chuo, mafunzo ya ufundi, dhamana ya mkopo wa nyumba. Askari wa zamani wapatao milioni 7.8 walisoma au kujifunza ufundi kwa msaada huo. Vijana ambao baba zao hawakumaliza sekondari wakawa wahandisi. Tabaka la kati la Marekani, lile tunaloliona kwenye filamu za zamani, lilikuzwa hivyo, kwa fedha za umma na kwa vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu.

Ila tazama nani alibaki nje. Uchunguzi wa mwaka 1947 katika miji 13 ya Mississippi ulikuta kwamba kati ya mikopo 3,229 iliyodhaminiwa chini ya sheria hiyo, askari weusi walipata 2. Askari hao walivaa sare moja na wenzao. Huko Levittown, mtaa mpya wa maelfu ya nyumba karibu na New York, mkataba wa upangaji ulikataza nyumba kukaliwa na mtu asiye mzungu, isipokuwa kama ni mtumishi wa ndani. Soma tena sehemu hiyo ya mwisho: mtu mweusi aliruhusiwa kulala katika nyumba ile, mradi amekuja kuifagia. Nyumba zile zilipanda thamani miaka nenda rudi, na thamani hiyo ndiyo iliyosomesha wajukuu.

Na nyumba Marekani ni zaidi ya mahali pa kulala, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha za shule za umma hutokana na kodi ya majengo ya eneo husika. Mtaa wenye nyumba za bei una shule yenye fedha. Mwaka 1968 mzazi mmoja wa San Antonio, Texas, Demetrio Rodriguez, aliungana na wenzake kwenda mahakamani kupinga jambo hili. Watoto wao walisoma wilaya ya Edgewood, yenye wakazi wengi wenye asili ya Mexico. Edgewood walijitoza kodi ya dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya mali, kiwango cha juu kuliko wilaya zote za jiji, na wakapata dola 26 kwa kila mtoto. Alamo Heights, upande wa matajiri wa jiji hilohilo, walijitoza senti 85 tu na wakapata dola 333. Hata baada ya kuongeza ruzuku za jimbo na za serikali kuu, mtoto wa Edgewood alikuwa na dola 356 kwa mwaka na wa Alamo Heights 594. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Tarehe 21 Machi 1973, kwa kura 5 dhidi ya 4, majaji waliamua kwamba tofauti hiyo haivunji katiba. Rodriguez na majirani zake walikuwa wamejikamua kuliko wenzao, kwa hesabu zilizoandikwa, na bado ngazi haikuwafikia.

Ndiyo maana jina la nchi halitoshi mtu akikuambia "Marekani watu wanapanda". Inabidi umuulize ni Marekani ya wapi. Katika takwimu za Chetty, mtoto maskini wa eneo la San Jose, California, alikuwa na nafasi ya asilimia 12.9 ya kufika juu, na mwenzake wa Charlotte, North Carolina, asilimia 4.4.

Jambo hili linawagusa ndugu zetu moja kwa moja: Wakongo waliopokelewa kama wakimbizi, Wakenya na Watanzania walioingia kwa bahati nasibu ya viza au kwa masomo. Tunawaita wabeba boksi. Wengi wana shahada za nyumbani zisizotambulika kule, na wanafanya zamu mbili za kuhudumia wazee huku wakituma ada za wadogo zao. Kwa foleni ya nyumbani wamekwisha kutoboa. Kwa foleni ya kule bado wako nyuma, na kitakachoamua kama watoto wao watasogea ni pamoja na nyumba waliyopanga mwaka ule wa kwanza.

Hilo limewahi kujaribiwa. Kuanzia 1994, serikali ya Marekani ilizipa baadhi ya familia maskini katika miji mitano, ikiwemo Chicago na Baltimore, vocha za kulipia pango ili zihamie mitaa yenye umaskini mdogo. Waliohama wakiwa hawajafikisha miaka 13, walipokuwa watu wazima walipata kipato cha karibu asilimia 31 zaidi ya wenzao waliobaki. Kaka na dada zao waliohama wakiwa wakubwa hawakupata nyongeza hiyo, ingawa walilala chini ya paa moja.