Hisa za kampuni changa za sola: yanayosemwa Mwaloni na yalivyo

Karibu kila kikundi cha kuweka na kukopa hapa Mwanza kina mwanachama anayeleta "dili la sola". Kuna kijana amesajili kampuni, anawafungia wavuvi wa dagaa taa za betri badala ya karabai, sasa anatafuta wa kuweka mtaji. Hela hutoka kwa sababu ambazo ukizikagua hazisimami.

"Jua ni la bure, hasara itoke wapi?"

Hii ndiyo iliyochoma wengi. Kampuni haiuzi jua. Inauza paneli, betri na taa ambazo yenyewe imezinunua taslimu, kisha inamwachia mteja alipe kidogo kidogo kwa simu, pengine mwaka mzima. Hiyo ni biashara ya kukopesha. Sasa shuka Mwaloni Kirumba, soko letu la samaki na dagaa, uulize malipo yanakujaje. Dagaa hufuata taa kwenye giza. Mbalamwezi ikitanda, taa haina kazi na mitumbwi mingi inalala nchi kavu. Mwenye mtumbwi mmoja alinionyesha meseji za kudaiwa kwenye simu yake: zinarundikana kila mwezi unapopevuka, zikifika siku za giza zinakoma. "Sijakataa kulipa," akaniambia, "nasubiri giza." Mwenye kampuni anayedai kiasi kilekile kila siku bila kuujua mwezi, mimi simpi hata shilingi.

Kubwa nazo huanguka. Mobisol ya Ujerumani, iliyokuwa na wateja wengi wa sola Tanzania, Kenya na Rwanda, ilifilisika mwaka 2019 ikachukuliwa na Engie ya Ufaransa.

"Wafadhili wameshawapa hela, kwa hiyo ni salama."

Ruzuku si mauzo. Omba hesabu, toa ruzuku, tazama kinachobaki.

"Watatupa asilimia 10 kila mwezi."

Kampuni changa ikipata faida huirudisha kwenye betri nyingine. Wanaoikumbuka DECI, ule upatu ulioanguka mwaka 2009 na hela za watu, hawahitaji maelezo zaidi.

"Nikikwama nauza hisa zangu."

Umuuzie nani? Kwa Sheria ya Makampuni ya 2002, kampuni binafsi haizidishi wanahisa 50 (wafanyakazi wake hawahesabiwi), haialiki umma kununua hisa, na katiba yake huweka masharti ya kuzihamisha. Soko la Hisa la Dar es Salaam lina dirisha la kampuni ndogo tangu 2013, ila huyu wetu mwenye wateja mia mbili bado yuko mbali nalo. Kwa hiyo ukiona hisa zinatangazwa kwenye magrupu ya WhatsApp, shtuka. Cheti cha BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, wanachokibandika kinaonyesha kwamba kampuni imesajiliwa, basi. Kuuzia umma hisa kunataka idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.

"Visiwani hakuna mshindani, bei tutapanga wenyewe."

Kisiwani Ukara, kule Ukerewe, kampuni ya JUMEME ilianza kuuza umeme wa sola mwaka 2016, kwa hiyo si kweli kwamba visiwa vyote vinasubiri wa kwanza. Na kwenye bei ya umeme EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ina sauti. Bei ikishushwa, hesabu za miaka kumi ulizoonyeshwa zinaandikwa upya.

"Nina asilimia 10, hiyo haiguswi."

Tuseme una hisa 100 kati ya 1,000. Mwakani anakuja mwekezaji mkubwa, kampuni inamtolea hisa mpya 1,000. Hisa zako ni zilezile 100, lakini sasa una asilimia 5. Si wizi. Akizinunua kwa bei nzuri, asilimia 5 hiyo inaweza kuwa na thamani kuliko ile 10. Cha kuuliza kabla hujasaini ni kama una haki ya kupewa nafasi ya kununua hisa mpya kabla ya mgeni, na kama imeandikwa. Kikundi chetu kilimuuliza kijana wetu hivyo. Akaomba wiki moja akaongee na mwanasheria wake. Mbalamwezi imeshapita mara mbili, bado tunamsubiri.