Ngiri ya Kiwambo: Puto katika Koo la Mtoto Aliye Tumboni

Katika kila watoto 3,000 hivi wanaozaliwa, mmoja huwa na tundu kwenye kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Utumbo, mfuko wa chakula na pengine ini hupanda kifuani, mara nyingi upande wa kushoto, na kuyabana mapafu yangali yanakua. Wazazi hapa Moshi hutuuliza kwa nini tundu hilo lisizibwe mapema, na swali lao ni la haki. Tundu hushonwa au kuwekewa kiraka mtoto akishazaliwa. Kinachowaua wengi ni udogo wa mapafu na shinikizo kubwa la damu katika mishipa yake.

Ndiyo maana upasuaji unaofanywa mtoto akiwa tumboni hauligusi tundu. Mama akishachomwa ganzi, daktari hupitisha kamera nyembamba hadi kinywani mwa mtoto na kuacha puto dogo katika koo la hewa. Mapafu ya mtoto aliye tumboni hutoa majimaji muda wote, nayo yakizuiwa kutoka huyatanua mapafu na kuyachochea kukua. Katika hali mbaya sana, puto huwekwa kati ya wiki ya 27 na ya 29, kisha huondolewa karibu wiki ya 34. Mtoto akizaliwa nalo hawezi kupumua, hivyo mama hulazimika kukaa jirani na kituo kwa kipindi chote hicho, na vituo vyenyewe ni vichache duniani.

Utafiti wa TOTAL uliochapishwa mwaka 2021, ukiongozwa na Jan Deprest wa Leuven, Ubelgiji, ulionyesha kwamba kwa ngiri kali ya upande wa kushoto, asilimia 40 ya watoto waliowekewa puto walinusurika hadi kuruhusiwa kutoka wodi ya uangalizi maalumu, ilhali kwa wasiowekewa ilikuwa asilimia 15. Hata hivyo, robo tatu ya waliowekewa puto walizaliwa njiti.

Kwa mama wa Rombo au Same, jambo la kwanza ni kupimwa ultrasaundi kabla ya wiki ya 24, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, na mpimaji akague kifua cha mtoto kwa makini: moyo uliosukumwa kulia, au mfuko wa chakula unaoonekana kando yake, unatosha kumpa mama rufaa ili ajifungulie penye wataalamu. Nawasihi pia wakunga: mtoto anayehangaika kupumua huku tumbo lake limebonyea asipulizwe hewa kwa barakoa, kwa kuwa hewa hiyo huujaza utumbo ulio kifuani na kuyabana mapafu zaidi. Awekewe mpira wa kupumulia kooni, na mwingine wa kutoa hewa tumboni. Operesheni husubiri hadi upumuaji wake utulie, hata kama ni kwa siku kadhaa.