Bushu si mzizi wa kanji

Juzi mwenzangu mmoja anayejifunza Kijapani alinionyesha daftari lake. Kazi safi: kanji, yaani herufi zenye asili ya Kichina zinazotumika kuandika Kijapani, amezipanga kiukoo, kila ukoo na ukurasa wake, na juu ya ukurasa jina la ukoo kwa wino mwekundu. Ukurasa wa maji ulikuwa na 海 (bahari), 池 (bwawa), 汗 (jasho), 泣 (kulia machozi), 油 (mafuta) na 酒 (pombe). Ukurasa wa lango ulikuwa na 開 (kufungua), 閉 (kufunga), 間 (nafasi iliyo katikati), 問 (kuuliza) na 聞 (kusikia). Ile wino mwekundu ilisema "mzizi wa maji", "mzizi wa lango". Neno hilo "mzizi", likitumika kutafsiri neno la Kijapani bushu, nimeshalisikia mara nyingi mno, na safari hii nimeona madhara yake: katika kurasa hizo mbili kuna kanji tatu ambazo haziko kwao.

Maana yenyewe ya bushu haina urefu. Bushu ni kile kipande cha kanji ambacho kamusi inakitumia kuamua kanji hiyo iwekwe fungu gani. Kanji moja ina bushu moja, hata kama imeundwa kwa vipande vinne au vitano. Orodha ya jadi ina bushu 214. Zikikaa kushoto huitwa hen, kulia tsukuri, juu kanmuri, yaani taji, na chini ashi, yaani mguu. Hayo yanatosha kuanzia kazi.

Tuje kwenye neno lenyewe, maana hapo ndipo kosa linapoanzia. Bushu huandikwa 部首. Ile 部 ni sehemu au fungu. Ile 首 katika Kijapani cha leo ikisimama peke yake ni shingo, lakini maana yake ya zamani ni kichwa, na bado imo ndani ya 首都 (mji mkuu) na 首相 (waziri mkuu). Kwa hiyo bushu ni kichwa cha fungu, kwa maana ileile tunayoikusudia tukisema kichwa cha habari. Ni neno la watunga kamusi. Mnamo mwaka 100 BK msomi wa Kichina Xu Shen alikuwa na herufi 9,353 za kupanga na hakuwa na alfabeti ya kumwambia ipi itangulie. Akazigawa katika mafungu 540, kila fungu likiongozwa na herufi moja. Mwaka 1615 mtunga kamusi mwingine wa Kichina, Mei Yingzuo, akayapunguza hadi 214. Kamusi kubwa iliyoamriwa na mfalme Kangxi wa China, iliyokamilika 1716 ikiwa na herufi zaidi ya 47,000, ikayashika mafungu hayohayo 214, na Wajapani nao wakayapokea.

Katika safari yote hiyo hakuna mzizi. Mzizi umeletwa na Wazungu, waliolipa jambo hili jina lililotoka kwenye Kilatini radix, na sisi tukalitafsiri bila kuuliza. Shida ni kwamba kwetu mzizi una kazi tayari. Chukua pik-: pika, pikia, pikwa, pikisha. Maana imelala humo, na ukiung'oa mzizi hubaki na neno. Mwanafunzi akiambiwa "mzizi wa kanji" anatarajia jambo lilelile, kwamba akikijua kipande kile ameshalishika neno. Bushu haimpi hicho.

Kama lazima tuifananishe na kitu cha kwetu, ifananishwe na ngeli. Ngeli ya M-MI ina mti, mwembe, mnazi na mchungwa, ukaona kweli ni ngeli ya miti. Kisha unakutana na mkate, mwaka na mkutano. Ngeli inakuonyesha neno limepangwa wapi, na mara nyingi kuna sababu ya kimaana, lakini mwembe na mnazi utavitofautisha kwa kitu kingine. Bushu ya samaki, 魚, iko hivyohivyo. Ndani yake yumo 鮪 (jodari), yumo 鮫 (papa), na yumo 鯨 (nyangumi), ambaye ana mapafu na ananyonyesha.

Hicho kitu kingine mara nyingi ni sauti. Kanji nyingi zimeundwa kwa sehemu mbili, moja ikidokeza maana na nyingine ikidokeza matamshi, na bushu kwa kawaida ni ile ya maana. Sasa turudi kwenye lango. 門 lenyewe husomwa mon. 問 husomwa mon. 聞 husomwa mon au bun. Lango limeingia humo kwa ajili ya sauti yake. Maana imo kwenye kile kidogo kilichowekwa katikati: 口 (kinywa) cha kuulizia na 耳 (sikio) la kusikilizia, na kamusi inazipanga huko, kwenye kinywa na kwenye sikio. Na pombe? Yale matone matatu ya kushoto ni maji kweli, nayo huitwa sanzui, lakini bushu ya 酒 ni 酉 iliyo kulia, ambayo asili yake ni picha ya mtungi. Huko inakaa pamoja na 酔 (kulewa) na 酢 (siki). Mimi naona ni ukoo unaoeleweka kuliko kuiweka pombe pamoja na bwawa.

Tena anayepanga kwa bushu peke yake anaitupa nusu ya pili. Tazama 清 (safi), 晴 (anga kutakata), 精 (kitu kilichochujwa au kukobolewa) na 請 (kuomba). Zote nne husomwa sei, kwa sababu zote zimebeba 青, ambayo yenyewe husomwa sei. Bushu zao ni maji, jua, mchele na usemi. Katika daftari la bushu hizi zitakaa kurasa nne tofauti na hazitaonana kamwe, ilhali matamshi yao ungeyashika kwa siku moja. Kuzikusanya kwa 青 ni njia nzuri sana, na ningemshauri yeyote aifuate. Ila usiseme zina bushu ya 青. Yenye bushu hiyo ni 静 (tulivu), inayofanana nazo kabisa kwa macho.

Kamusi zenyewe pia zimelazimika kuhama. 円, ile ya yeni, zamani iliandikwa 圓 na kukaa kwenye fungu la 囗. Ilipofupishwa, umbo hilo likatoweka, na kamusi za leo huiweka chini ya 冂. Mzizi wa neno hauhamishwi hivyo. Kichwa cha fungu kinaweza kubadilishwa.

Mwenzangu sikumwambia aanze upya, kwa sababu daftari lake ni zuri. Nilimwomba palipo na "mzizi" aandike bushu, au kichwa cha fungu akitaka Kiswahili, na kile kinachojirudia kwenye kanji nyingi bila kuwa kichwa chake akiite kipande tu. Kisha ahamishe tatu: 酒 iende kwenye mtungi, 問 kwenye kinywa, 聞 kwenye sikio. Ukurasa wa lango utabaki na 開, 閉 na 間, na nafasi ya kutosha kwa 関 na 閣 atakapozifikia.